Aliyeitika Bondeni

Wifi yangu hanisemeshi siku hizi, na chanzo ni jino. Anasema mimi ndiye niliyemharibia mumewe akili. Mtu mzima, mwenye kazi yake na watoto wake, katengenezewa jino zuri, jeupe, limemkaa vizuri kabisa, halafu kalivua na kuliweka kabatini ndani ya kikombe. Jino kweli liko kabatini, na kweli ni mimi niliyemwomba kaka yangu alivue.

Lakini ngoja nieleze tangu mwanzo, maana wifi akisimulia yeye huanzia katikati, na mimi naonekana mchawi.

Mimi ni mtunza ndege, na ndege wangu ni mmoja tu. Kituo chetu kiko ukingoni mwa msitu: mbele ofisi, nyuma stoo na jiko, kisha nyumba zetu wafanyakazi zimepangwa mstari mmoja, ukuta kwa ukuta, ukikohoa jirani anakupa pole. Nyuma ya nyumba kuna kizimba kikubwa cha waya ambacho ndani yake tumepanda miti na kumwaga majani makavu, na humo anaishi Bibie. Bibie ni kiluzi, jike. Kama hujawahi kumwona kiluzi sikulaumu. Ni ndege mdogo, mgongo wa rangi ya udongo mbichi, kifua cha rangi ya kutu. Haruki sana. Anatembea chini kwenye majani yaliyooza, anayageuza moja moja kutafuta wadudu, kama mama anayetafuta sindano iliyomdondoka.

Ndege huyu anataka kivuli kizito na ardhi yenye unyevu, basi, hana makuu. Ukikata miti mikubwa jua linaingia, majani yanakauka, wadudu wanahama, na yeye anakufa njaa bila mtu kumgusa. Ndivyo walivyoisha. Hakuna aliyewapiga risasi. Walinyang'anywa kivuli tu.

Bibie aliletwa na kaka yangu, ambaye ni askari wa msitu. Wakata miti walikuwa wameangusha mti, kiota kikaanguka nao, na kati ya makinda alipona mmoja. Kaka akamleta ndani ya kofia yake, hana hata unyoya, mdomo wazi. Nilimlea jikoni kwangu kwenye boksi la viatu, namlisha mchwa kwa kibano changu cha nyusi. Watu walinicheka sana. Nikawaambia wacheke, wakimaliza waniletee mchwa.

Tangu hapo hakuna mtu aliyeona wala kusikia kiluzi mwingine. Lakini tuliendelea kutafuta. Kila mvua zikianza, kituo kizima kilikuwa na kazi moja tunayoiita kusikiliza. Kila msikilizaji anapewa mgongo wake wa mlima, anapanda alfajiri, anapiga mluzi wa mwito wa kiluzi kwa mdomo wake, ananyamaza, anasikiliza, anasogea mbele. Spika tulikuwa nayo, unyevu ukaiua. Hata hivyo tulipiga kwa mdomo kwa sababu ndivyo baba yetu alivyofundisha watu wote hapa, naye aliulinda msitu huu mpaka magoti yakamgomea. Mwito una vipande vitatu: viwili vifupi, na cha tatu kirefu kinachoshuka taratibu. Mimi na kaka tulijifunza kabla hatujajua kusoma. Kipande cha mwisho mimi nilikuwa nakipandisha badala ya kukishusha, na baba alinikemea mpaka akachoka.

Lakini nyumbani kwenye kituo ilikuwa marufuku kupiga mluzi. Hiyo ilikuwa sheria ya mkuu wa kituo, mama mpole ambaye ndege anawajua ndani na nje. Alituambia, Bibie akizoea mluzi wa binadamu, siku akikutana na dume hatamtambua, atamtafuta mtu. Kwa hiyo tulikuwa kimya. Mpishi akijisahau akaanza kujipigia mluzi anaosha masufuria, alikuwa ananiona mlangoni nimeshika kiuno. Na Bibie mwenyewe alikuwa kimya. Miaka yote niliyokaa naye hakuwahi kutoa zaidi ya mkoromo mdogo akiona chakula. Angejibu nani, na hakuna aliyemwita?

Nilichokuwa nakitaka duniani, sifichi, ni kwamba Bibie asiwe wa mwisho. Basi. Nilikuwa nikimwona anageuza majani yake peke yake, nasema moyoni, wewe subiri, mwenzako yupo, anakuja.

Msimu ninaousimulia ulikuwa wa mwisho kuruhusiwa. Lile bonde kubwa nyuma ya kituo, lenye miti minene kuliko yote iliyobaki, lilikuwa linasubiriwa na watu wa mbao. Wakubwa walikuwa wamekata shauri: kiluzi asiposikika safari hii, bonde linafunguliwa. Akisikika, haliguswi, na Bibie atapelekwa kuachiwa palepale aliposikika mwenzake.

Siku hiyo msikilizaji mmoja aliamka na homa, anatetemeka mpaka kitanda kinagonga ukuta. Mkuu akaniuliza kama naweza kushika nafasi yake. Sikuwa nimepanda mlima tangu Bibie aje, lakini nilivaa buti za watu na nikaenda, buti zenyewe zinanichapa visigino. Kaka yangu alikuwa ameshaondoka, alilala kwenye kibanda cha doria huko mbele. Hakujua kwamba nami niko msituni siku hiyo. Na mimi nilijua yuko mbali, mgongo wa tatu kutoka wangu. Sikujua kwamba mti ulikuwa umeanguka ukaziba njia yake, akazunguka, akatokea mgongo unaotazamana na wangu, ng'ambo ya bonde.

Nilipiga mwito, nikanyamaza. Maji yalikuwa yanadondoka kwenye majani. Nilipiga tena mbele kidogo. Hakuna kitu. Niliendelea hivyo mpaka midomo ikakauka, nikaanza kujisemea maneno ambayo mtoto wa askari wa msitu hapaswi kuyasema. Halafu nikapiga mara moja zaidi, kwa hasira tu, na ng'ambo ya bonde kiluzi akaitika.

Vipande vitatu, wazi kabisa. Nikapiga tena, akaitika tena. Kipande cha katikati kilikuwa na upepo ndani yake, kama kifua kimechoka. Nikasema, maskini, huyu ni mzee, ameita miaka yote hii bila kuitikwa mpaka sauti imechakaa. Nikakaa chini kwenye matope na buti za watu, nikalia kama mtoto.

Jinsi nilivyoshuka sijui. Nilimkuta mkuu ofisini, nikamwambia, na yeye akanishika mikono miwili. Bado tumeshikana hivyo, mchana umeingia, kaka yangu naye huyo mlangoni, anahema, uso mzima ni meno, na lile pengo katikati. Watu wote wanamwita Pengo. Jino alilivunja akifungua chupa ya soda, kujionyesha mbele ya wakwe zake, na tangu hapo mkewe alikuwa anaweka akiba ya kumtengenezea lingine.

"Nimemsikia," akasema. "Bondeni. Ameniitika mara kadhaa."

Mkuu alimtazama, akanitazama mimi. "Watu wawili," akasema polepole. "Pande mbili za bonde. Asubuhi ileile."

Alipiga simu papo hapo. Alipokata, alisema Bibie anaachiwa kesho asubuhi, kwa sababu ndio wakati wao wa kujenga viota na kila siku anayokaa ndani ni siku anayopotezewa. Kila mtu kituoni alicheka siku hiyo. Hata mgonjwa wa homa alitoka nje na blanketi lake. Mpishi aliniomba ruhusa ya kupiga mluzi, nikamwambia asinijaribu.

Jioni mimi na Pengo tulikwenda kumweleza baba. Baba anakaa kwangu, chumba cha dirisha la nyuma, kiti chake kinatazama kizimba. Nilimpa chai, nikamweleza kila kitu, kuanzia buti mpaka machozi. Alisikiliza ameinamisha kichwa. Nilitegemea atafurahi, pengine atalia, nilikuwa nimejiandaa na kitambaa.

"Alikaa kimya kiasi gani kabla ya kukujibu?" akauliza.

"Hakukaa, baba. Nilipomaliza tu akajibu."

"Kutoka ng'ambo?"

"Ng'ambo."

Aliweka kikombe chini. "Kiluzi hajibu hivyo," akasema. "Kiluzi akisikia mwenzake ananyamaza kimya. Anakuja kwa miguu, huoni jani likitikisika. Anakuja mpaka chini ya pua yako, anasimama, anakutazama, ndipo anaitika."

Damu ilinipanda. Nilimwambia hizo ni habari za zamani, viluzi walipokuwa wengi, na sasa huyu amebaki peke yake, amekata tamaa, anajibu chochote. Nilimwambia mengine pia ambayo binti hamwambii baba yake. Nilimwambia hataki tumpate kwa sababu yeye hakumpata. Baba hakukasirika. Nisingejali kama angekasirika.

"Funga dirisha," akamwambia Pengo. "Halafu nipigie mluzi ulivyomsikia. Usipige wa kwako. Piga alivyopiga yeye."

Pengo alifunga dirisha. Akapiga polepole, kwa sauti ya chini. Vipande viwili vifupi, na cha tatu kirefu, na mwishoni, badala ya kukishusha, akakipandisha.

"Alikuwa kama anauliza," akasema Pengo. "Nilimwonea huruma."

Baba akanigeukia. "Haya, na wewe."

Nilipiga. Na kipande cha katikati nilikipitisha na upepo, kama nilivyokisikia. Nilipomaliza nikamwona kaka yangu ameinua mkono, ametia kidole kwenye pengo lake. Tangu jino livunjike hatukuwahi kusikilizana mwito huo, sheria ilikuwa sheria. Hatukujua kila mmoja wetu analia vipi sasa; yeye alidhani nilishaacha kukipandisha.

"Yule si ndege," baba akasema. "Wale ni wanangu."

Pengo aliinama akashika kichwa. Mimi nilisimama tu katikati ya chumba. Nilifikiri nitapiga ukelele, lakini nilichofanya ni kuchukua kikombe cha baba na kwenda kukiosha, na kilikuwa bado na chai.

Niliporudi nilikuwa nimeshapata maneno. Nikawaambia, tunyamaze. Nani atajua? Mashahidi wawili, pande mbili, mkuu mwenyewe kasema. Bonde litapona. Miti itabaki, kivuli kitabaki, vyura, nyani, kila kilichomo. Nilisema kwa nguvu kwelikweli, na kila neno lilikuwa la haki. Pengo alikuwa anatikisa kichwa kukubali, kwa sababu yeye ndiye aliyelilinda lile bonde kwa miguu yake.

Baba alisubiri nimalize. Kisha akasema, "Na Bibie?"

Bibie angefunguliwa kisanduku asubuhi, kwenye mvua, yeye ambaye chakula chake chote amekipata mkononi mwangu. Asiyejua mwewe wala nyoka. Angetembea kwenye majani akimtafuta mtu aliyemwita, na aliyemwita ni mimi na kaka yangu. Asingemaliza siku mbili.

"Baba, bonde zima kwa ndege mmoja?" nikamuuliza.

"Mimi sijasema ufanye lipi," akasema. "Nimekuuliza tu habari za mtoto wako."

Asubuhi nilikwenda kwa mkuu kabla hajanywa chai. Kisanduku cha kumbebea Bibie kilikuwa tayari juu ya ngazi, ametandika majani mabichi ndani. Alikuwa amejifunga kitambaa kizuri kichwani, kile anachokivaa wageni wakija. Nilimweleza. Nilieleza vibaya, nikirukaruka, jino, mti ulioanguka, kipande cha mwisho, lakini alielewa haraka kuliko nilivyotaka. Alikaa kwenye ngazi pembeni ya kisanduku.

"Ningejua ninyi hamjui mnachosikia, ingekuwa rahisi," akasema. "Mnapiga vizuri mno." Akafunika uso kwa viganja. "Mlisema ukweli wenu. Nami nilitaka sana uwe kweli."

Nilimwambia anaweza kunyamaza. Nilimwambia hata hivyo, jamani, Mungu anisamehe. Nikamwambia tutamwacha Bibie kizimbani na kusema ni mgonjwa. Aliniangalia, na nikaona kwamba naye analifikiria lile bonde, analifikiria kwa uchungu. Kisha akasema watakuja watu wengine kusikiliza, wataulizia lile dume, na sisi tutapiga mluzi kwa kujificha vichakani mpaka lini? Akaingia ndani, akafunga mlango, akapiga simu. Alipotoka alikuwa amevua kile kitambaa.

Bonde lilifunguliwa mvua zilipokatika. Sitaki kulieleza sana. Misumeno ilianza asubuhi moja na haikunyamaza. Pengo alipewa kazi ya kuwaonyesha njia watu wa mbao, maana yeye ndiye anayezijua. Alikuwa akirudi jioni hasemi na mtu, mkewe anamtengea maji ya kuoga yanapoa. Baba alihamisha kiti chake, akaomba kiwekwe upande wa mbele, kunakoangalia ofisi. Alisema ni kwa ajili ya jua.

Katika siku hizo ndipo Pengo alipokuja kizimbani, ametokea bondeni, nguo zimejaa unga wa mbao. Mimi nilikuwa ndani nabadilisha maji. Alisimama nje ya waya akiangalia tu. Halafu, sidhani hata alijua anachofanya, akapiga ule mwito. Vipande vitatu, na upepo katikati.

Nilitaka kumkemea kwa mazoea, kisha nikakumbuka hakuna tena cha kulinda. Sheria ilikuwa ya dume, na dume hayupo.

Bibie alikuwa pembe ya mbali, anageuza majani. Aliacha. Alisimama kimya, mguu mmoja juu. Kisha akaanza kuja. Hakuruka, alitembea, na mimi niliyekuwa humo ndani sikusikia jani hata moja. Alipita karibu na goti langu kana kwamba sipo. Akafika kwenye waya, chini kabisa, pale palipokuwa na buti za kaka yangu, akainua kichwa na kumtazama. Alikaa hivyo kitambo kirefu.

Ndipo akaitika. Sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwa ndege aliye hai, nimeijua maisha yangu yote kutoka midomoni mwa watu, ikatoka kwenye kile kifua cha kutu. Kipande cha mwisho alikishusha taratibu, kama baba alivyotufundisha.

Pengo alinitazama. Machozi yalikuwa yanachora mistari kwenye unga wa mbao. "Nifanye nini?" akaniuliza kwa mnong'ono.

"Mjibu," nikamwambia. "Amekuitika, mjibu."

Akamjibu. Na tangu siku ile anakuja kila asubuhi kabla ya kazi, na jioni akirudi. Hachukui likizo. Bibie ameanza kukusanya vijiti karibu na pale anaposimama, anavipanga, anavipangua. Siwezi kumwangalia akifanya hivyo, natafuta kazi nyingine.

Basi mwezi uliopita akiba ya wifi ikatimia. Alimpeleka mumewe mwenyewe kwa fundi wa meno, akarudi naye, kijana kabisa, tukampongeza. Asubuhi Pengo akaja kizimbani na jino lake jipya, akapiga mwito. Ulitoka safi, hauna upepo, mzuri kuliko wa baba. Bibie hakuinua hata kichwa. Pengo akapiga tena na tena. Bibie akaendelea kugeuza majani, na baadaye nikamwona amekwenda peke yake pale kwenye waya, amesimama, anasubiri mtu.

Nilimwambia kaka yangu, lile jino livue. Akalivua palepale, akalitia mfukoni.